Vyungu Vitano vya Bustanini

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na si mtu wa kubabaishwa na vivuli. Miaka thelathini ameshona nguo za harusi na za msiba, anajua watu wanavyodanganya kuhusu viuno vyao, na ukimletea habari za mizimu atakwambia ukanywe maji ulale. Haya alinisimulia mara moja tu, mchana kweupe, akiangalia pembeni. Mimi ninayapanga kama yalivyotokea, ubishi wako kaa nao mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita Fundi Saa. Macho yalipomchoka alifunga kibanda chake, lakini vidole vilibaki vyepesi vilevile, vya kuokota skrubu ndogo kuliko chawa. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikuwa kifupi kuliko wenzake. Springi ya saa ya ukutani iliondoka na ncha yake zamani, alipokuwa bado anajifunza kazi.

Maisha yao yote walikuwa wamepanga vyumba vya ghorofani. Uzeeni wakapata nyumba yenye uwanja nyuma, na yule mzee akafurahi kama mtoto. Alitaka kulima mboga zake mwenyewe. Alitoka asubuhi ya kwanza na jembe begani, akapiga mara tatu, akarudi ndani akishika kiuno.

Ulikuwa udongo wa mfinyanzi, mzito, wa kijivu chenye wekundu. Mvua ikinyesha unakuvua viatu, jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Fundi alichukua donge, akalilowesha, akalisokota mpaka likawa uzi mrefu kama penseli, akauzungusha kidoleni kama pete. Haukukatika. "Huu si udongo, ni mpira," alimwambia mkewe, na akafungua daftari.

Maana yeye hafanyi kitu bila daftari. Aliandika kwamba udongo wa namna hii usilimwe ukiwa umelowa, maana ukiutifua mbichi umejifyatulia matofali. Kwamba usiongezewe mchanga kidogokidogo, utakuwa zege. Kwamba dawa yake ni mboji, samadi iliyooza vizuri, majani makavu na subira. Miaka mitatu, aliandika, na "mitatu" akaipigia mstari. Shangazi alimcheka, akamuuliza kama kaburi nalo amelipangia tarehe.

Samadi waliipata kwa jirani, mama mmoja mfuga kuku, mwenye maneno mengi kuliko mayai. Fundi akaanza kuchimba mtaro wa tuta la kwanza, kina cha magoti. Siku ya pili uma wake wa kuchimbia uligonga kitu kikalia.

Vilikuwa vyungu vitano. Vimepangwa kwa mstari, midomo chini, vimechomwa vizuri, vizima kabisa. Ndani havikuwa na kitu. Ila shangazi alipotia mkono kwenye kimoja, alikuta ukuta wa ndani umejaa alama za vidole, zimekandamizwa kwa nguvu kana kwamba mtu alikuwa anajaribu kutoka. Alikiweka chini upesi.

"Virudishe ulipovitoa," alisema.

"Mke wangu, hivi ni mali. Vigae vilivyopondwa vinafungua udongo, maji yanapita. Hapa hakitupwi kitu."

Huyo ndiye Fundi Saa. Mtu aliyehifadhi hata skrubu zenye kutu angeachaje vigae vya bure ardhini? Alivitia kwenye gunia, akavitwanga kwa nyundo mchana kutwa, akavichanganya na mboji na samadi, akavirudisha kwenye tuta. Jioni ile alikula kwa hamu. Alilalamika kidogo kwamba vidole vya mkono wa kulia vimekufa ganzi, akasema ni nyundo.

Baada ya siku tatu alimwita shangazi nje. Tuta lilikuwa limebadilika. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unamomonyoka mkononi kama mkate. Fundi hakucheka. Aliufikicha, akaunusa, akaangalia daftari lake, akaufikicha tena.

"Miaka mitatu," alisema taratibu. "Hauwezi kuwa hivi kwa siku tatu."

Asubuhi iliyofuata katikati ya tuta kilikuwapo chungu. Kibichi, kinang'aa kwa maji, kimefinyangwa usiku huohuo. Hakukuwa na nyayo mahali popote. Shangazi alikizunguka mara mbili kabla hajainama. Pembeni mwa mdomo wa chungu kulikuwa na alama za vidole, na ya katikati ilikuwa fupi.

Alirudi ndani akakagua miguu ya mumewe. Ilikuwa safi. Mikono safi. Lakini aliposhika vidole vyake vya kulia, vilikuwa baridi, na mwenyewe hakusikia kwamba ameshikwa. Ganzi ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mkono — pale anapovaa saa.

Walikwenda hospitali. Wakampima damu, wakampiga picha, wakamfinyafinya, wakamwambia hana tatizo lolote wanaloliona. Usiku ule shangazi alifunga mkono wa mumewe na wa kwake kwa utepe wa kitambaa, fundo la fundi cherehani, lile lisilofunguka bila mkasi. Asubuhi fundo lilikuwa palepale. Na chungu cha pili kilikuwa bustanini, na kidole kifupi kimo, na ganzi imepanda hadi kwenye kisugudi, pale mkono unapokunjika.

Hapo ndipo alipokwenda kwa mama mfuga kuku. Hakupiga hodi mara mbili.

"Aliyekaa nyumba yetu kabla yetu, alikuwa nani?"

Yule mama, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alitafuta maneno. Alisogeza kiti chake karibu. Alisema alikuwa mwanamke mfinyanzi, ameishi peke yake, amekufa kwa maradhi yasiyojulikana. Yalianza na vidole. Vikafa ganzi. Yakapanda mkono, yakafika begani.

"Na yalipofika kifuani?" shangazi aliuliza.

"Tulimzika, dada yangu."

Kisha akanong'ona, ingawa walikuwa wawili tu. "Kabla hajalala kitandani moja kwa moja, alifinyanga vyungu vitano vya mwisho. Akavichoma, akavizika mwenyewe nyuma ya nyumba. Nilimuuliza, dada, unavizika kwa nini? Akaniambia, naiweka mikono yangu mahali pazuri."

Shangazi alirudi nyumbani. Sasa alijua. Mumewe alikuwa amevunja mikono ya mtu, na mtu huyo alikuwa anachukua mingine. Vyungu viwili vimeshatoka. Bado vitatu.

Hasira ilimpanda kabla ya woga. Alichukua sepetu, akaenda bustanini, akakipiga kile chungu cha pili kikasambaratika. Ndani ya nyumba mumewe alipiga yowe. Alimkuta sakafuni ameshika bega, uso umemsawajika. Na kesho yake vilikuwapo vyungu viwili vipya, si kimoja. Kile alichokivunja kilikuwa kimerudishwa.

Vitatu.

Bega lilikuwa limekufa. Fundi sasa alikaa kwenye kiti cha uvivu karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Hakulalamika. Alimwomba tu mkewe amfungie vifungo vya shati, akageuza uso ukutani wakati anafungiwa. Shangazi aliniambia hilo ndilo lililomuuma kuliko vyungu vyote. Miaka thelathini mwanamume yule amemtilia uzi kwenye sindano, yeye haoni tundu, Fundi anatia bila kuangalia. Sasa anafungiwa vifungo.

Walihama siku mbili, wakalala kwa ndugu wa Fundi, upande wa pili wa mji. Shangazi aliporudi kuangalia, kilikuwapo cha nne. Alipiga simu kwa yule ndugu. "Anapumua kwa shida," ndugu akasema. "Anakutafuta wewe. Anasema mrudi nyumbani, ana kazi."

Akamrudisha. Angefanya nini? Mchana ule mvua ilinyesha, ikakatika, jua likatoka. Fundi alisinzia kwenye kiti chake. Shangazi alikuwa amekaa mkabala naye, ameshika tama, anahesabu pumzi zake. Ndipo akaona ule mkono uliokufa unanyanyuka.

Ulinyanyuka polepole. Wa kushoto ukaufuata. Macho yake yalikuwa yamefumba, mdomo wazi. Mikono ikaanza kufanya kazi hewani. Ikakanda. Ikaviringisha. Ikafungua katikati kwa dole gumba. Ikavuta ukuta juu, taratibu, kwa ustadi. Mtu ambaye hajawahi kugusa chungu maishani mwake ila kukivunja.

Shangazi aligeuka dirishani. Kule nje, katikati ya tuta, udongo ulikuwa unazunguka. Ulikuwa unanyanyuka.

Cha tano.

Alikimbia. Viatu vilibaki mlangoni. Alipiga magoti kwenye tuta, akaingiza mikono yote miwili ndani ya ule udongo unaozunguka, ukagoma, ukamteleza, ukataka kumtoka. Akaukumbatia.

"Mwache," alinong'ona. "Mume wangu mwache. Huyu hajui kufinyanga. Mimi ni fundi. Mikono yangu ni ya kazi, miaka thelathini. Chukua hii."

Udongo ukasimama.

Hata kuku wa jirani walinyamaza. Kisha chini ya udongo, kutoka chini kabisa, kitu kikagusa viganja vyake. Vilikuwa viganja vingine. Baridi. Vidole vikapita katikati ya vidole vyake, kimoja kimoja, vikashika. Havikumvuta. Vilimwongoza tu, kama mwalimu anavyomshika mwanafunzi mkono siku ya kwanza ya kuandika.

Akafinyanga. Alilia huku anafinyanga, kwa woga, sitaki kukudanganya. Hakuwa na haja ya kujua, mikono ilijua. Alipomaliza mdomo wa chungu, vile viganja vilimwachia, akabaki amepiga magoti kwenye matope, akasikia anaitwa kutoka dirishani.

"We mama," mumewe alisema. "Unafanya nini huko kwenye matope? Niletee chai." Alikuwa amesimama. Alikuwa anafunga kifungo cha shati kwa mkono wa kulia.

Vyungu vyote vitano alivizika jioni ileile, palepale, midomo chini. Hakumweleza Fundi mpaka siku nyingi zikapita, na alipomweleza, mzee alichukua daftari, akafuta ukurasa wa kutifua. Tangu hapo bustani ile haiguswi na jembe. Wanatandaza majani makavu na mboji juu, wanaacha minyoo ifanye kazi yake, na miche inapandwa kwa kutoboa tundu dogo tu. Udongo ulirudi kuwa mfinyanzi mzito, kisha ukaanza kulainika kwa mwendo wake wa kawaida. Ukienda leo utapewa mboga mpaka uombe msamaha.

Na shangazi anashona. Watu wanasema siku hizi anashona vizuri zaidi. Mimi nilidhani yameisha.

Mwezi uliopita niliwasindikiza wote wawili ofisi ya vitambulisho, vyao vilikuwa vimekwisha muda. Foleni ndefu, feni mbovu, karani binti mpole mwenye sauti ya chini. Shangazi aliweka dole gumba kwenye mashine. Karani akatazama kompyuta, akampa kitambaa.

"Futa mkono, mama. Weka tena."

Akaweka tena. Karani akamwomba la kushoto. Akaweka. Yule binti alitazama kioo muda mrefu, akatutazama sisi, akainama juu ya meza.

"Mama, hizi alama zina mwenyewe," alisema. "Si wewe. Kazi yake imeandikwa mfinyanzi. Na hapa inaonyesha alishafariki."

Nilimgeukia shangazi, nikidhani ataanguka, nikanyoosha mkono kumdaka. Hakuanguka. Hakuuliza jina la yule marehemu wala tarehe.

"Na za mzee?" aliuliza.

Fundi Saa akasogea, akaweka dole gumba lake. Mashine ikalia mara moja. Karani akasema za mzee hazina shida, jina lake limetoka.

"Nionyeshe," shangazi akasema.

Karani akageuza kompyuta. Shangazi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akalisoma jina la mumewe kwa midomo, herufi moja moja, mpaka ya mwisho. Kisha akakaa chini, akatoa pumzi ndefu, akamwambia yule binti aandike jina la kwake anavyotaka.