Ukurasa wa Geti la Kwanza

Jumatano, saa 9:20 alasiri

Kipara aliusukuma mlango wa stoo ya matairi kwa kisigino, ukajifunga. Ndani walikuwa watatu tu. Kipara mwenyewe, mpangaji wa kazi. Gia, dereva wa malori aliyefukuzwa na kampuni tatu. Na Fundi, mdogo wake Gia wa tumbo moja, mwenye ajira halali katika ghala lile lile walilotaka kuliibia. Ndiye aliyeunda tovuti ya walinzi wa getini.

"Eleza," Kipara alisema.

Fundi aligeuza ndoo, akaikalia. "Lori likitaka kutoka, mlinzi anaandika namba yake kwenye tableti. Ikija kijani, lina kibali. Nyekundu, halina. Sasa ukurasa wenyewe ni mzito. Seva haitafuti chochote. Inamwaga orodha nzima ya vibali, elfu kumi na mbili, halafu tableti ndiyo inahangaika kutafuta."

"Unaomba kijiko, unaletewa kabati zima," Gia alisema.

"Ndiyo hivyo, kaka. Na saa mbili asubuhi mageti yote yanavuta orodha hiyo kwa pamoja. Mtandao unajaa. Dakika nne nzima ukurasa haujafunguka."

"Na mlinzi anasubiri?"

"Akisubiri, foleni inafika barabarani. Wameshazoea. Anaandika namba, anainua kizuizi, lori linakwenda zake. Yeye anabaki anaangalia kiduara kinazunguka. Ikija nyekundu ndipo anawapigia doria wa njia panda."

Kutoka getini hadi njia panda ni dakika mbili. Gia angeingia na kichwa cha lori bila tela, afunge tela lililokwisha kupakiwa simu mpya, na atokee geti la kwanza. Simu ya mlinzi ingewafikia doria naye yuko mbali.

"Nina neno moja," Gia alisema. "Nikinaswa, nimenaswa peke yangu. Dogo asitajwe."

Kipara alicheka. "Nani amtaje? Damu nzito kuliko maji."

Gia hakucheka. Alikuwa amemlea Fundi tangu mama yao afariki. Ada ya chuo aliilipa yeye, kwa kuendesha malori mabovu ambayo madereva wenye akili waliyakataa. Kijana yule ndiye kitu pekee alichowahi kukifanya kikanyooka, na hakuwa tayari kumwona kizimbani. Fundi aliinamisha kichwa, akawa anakuna tope kwenye kiatu chake.

Alhamisi, saa 1:35 asubuhi

Fundi alimkuta kaka yake nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa amevaa koti la njano la kazini. Macho mekundu.

"Hujalala," Gia alisema.

"Nimeingia kazini alfajiri. Kaka, toka geti la kwanza. Lisiwe jingine."

"Umeshaniambia mara tatu. Kipara yuko wapi?"

"Anaangalia njia."

Gia alimkunjulia kola ya koti, kama alivyokuwa akifanya enzi za shule. Fundi alirudi nyuma hatua moja.

Saa 1:52

Kichwa kilirudi nyuma taratibu. Pini ikaingia, ikalia. Gia akashuka, akaunganisha mipira ya upepo na waya wa taa, akazungusha mpini hadi miguu ya tela ikapanda. Hakuna aliyemuuliza kitu. Katika ghala, mtu anayefanya kazi kwa haraka haulizwi.

Saa 2:01

Mbele yake malori matatu. Gia alizima redio.

Kulikuwa na jambo ambalo halijakaa sawa. Mlinzi aliandika namba, akatazama tableti, kisha akainua kizuizi. Alitazama kwanza. Na foleni ilikuwa inakwenda mbio. Gia alichungulia kioo cha pembeni. Lori jingine lilikuwa limeshamziba nyuma.

Saa 2:03

Mlinzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliandika. Kabla kidole hakijainuka, tableti ikawa nyekundu. Kizuizi hakikusogea.

"Leo mtandao una kasi," Gia alisema.

"Mtandao ni ule ule. Kijana wa kompyuta kaja alfajiri kabadilisha ukurasa wa geti hili. Sasa seva inatafuta yenyewe huko huko, mimi naletewa mstari mmoja tu. Geti la pili atawabadilishia mchana." Akaweka filimbi mdomoni. "Shuka, baba. Mikono nione."

Walinzi wakaja mbio kutoka kila upande. Gari la doria nalo liliacha njia panda, likaja na king'ora. Dakika mbili baadaye Gia alikuwa amepiga magoti, pingu mkononi, na karibu kila mwenye sare alikuwa geti la kwanza.

Saa 2:06

Alipoinua kichwa aliliona geti la pili, ng'ambo ya uwanja. Kizuizi kilikuwa juu. Mlinzi wa kule alishika tableti, anasubiri. Lori lililokuwa likipita mbele yake lilikuwa na tela la simu. Kichwa cha lori kilikuwa cha Kipara. Gia alikuwa amekiendesha mwaka mzima. Kipara alikuwa kwenye usukani. Pembeni yake, koti la njano.

Fundi alitazama upande huu. Kisha akageuza uso.

Gia akaelewa yote kwa mpigo. Walihitaji njia panda iwe tupu. Walihitaji chambo, na mdogo wake ndiye aliyekifunga kwenye ndoano kwa mikono yake.

"Mama," alisema. "Andika namba nyingine."

"Ya lori gani?"

"Lile linalotoka geti la pili. Ukurasa wa kule bado mzito, watapotea kabla haujafunguka." Aliitaja namba, moja moja. "Anayeendesha anaitwa Kipara. Wa pembeni ni mdogo wangu."

Kidole cha mama kilisimama juu ya kioo. "Mdogo wako kabisa?"

"Tumbo moja."

Mama alimwangalia, kisha akabonyeza. Gia alitamani ukurasa ukwame, kiduara kizunguke, walau dakika moja.

Ulifunguka hapo hapo, mwekundu.