Namba Saba Mbili

Kila Jumamosi, baada ya kula supu ya viazi na soseji, Jette Uhlig na babu yake Arno walivaa makoti wakashuka mtaa hadi chumba cha chama cha treni ndogo za mfano, juu ya kituo cha zamani cha zimamoto pale Olbernhau, mji wa Ujerumani. Babu alibeba chupa ya kahawa. Jette alibeba sanduku la vichwa vya treni, wala hakumruhusu mtu mwingine alishike. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa miaka minne sanduku hilo lilikuwa lake.

Chumbani humo reli ndogo zilizunguka milima ya plasta, stesheni tatu na daraja ambalo Jette alilipaka rangi mwenyewe. Treni ziliendeshwa kizamani: kifundo kimoja cha kuzungusha kilitia umeme kwenye reli yote, na ukiondosha treni moja, zote zinaondoka. Mwaka huo wanachama waliamua kuchagua mfumo wa dijiti. Humo kila kichwa cha treni huwekewa chipu yenye namba yake. Ukiita namba hiyo, kinaitika hicho peke yake. Duka moja liliwaazima mifumo miwili waijaribu kabla ya siku ya kuwaonyesha wageni treni zao. Mmoja ulikuwa na skrini kubwa ya kugusa. Mwingine ulikuwa na rimoti ndogo zenye kifundo cha kuzungusha na vitufe vichache.

Jette aliupenda ule wa skrini. Enna Wolfram, msichana wa rika lake aliyejiunga Septemba tu, aliupenda ule wa vifundo.

"Skrini ni nzuri," Enna alisema, "ila ukiitazama hiyo, treni huioni. Halafu Bwana Seidel vidole vyake vimekakamaa. Ataigusaje?"

Bwana Seidel, mwanachama mkongwe kuliko wote, akacheka. "Umesikia, Arno? Leo wazee tumekumbukwa."

"Huyu mtoto ana macho," Babu akasema. "Mimi mwenyewe sikuliwaza hilo."

Maneno hayo yalimwingia Jette kama mwiba. Miaka minne ameunganisha nyaya, ameungua vidole, na Babu hajawahi kumwambia ana macho.

"Mbona umenuna?" Babu alimwuliza njiani.

"Sijanuna, Babu. Baridi tu."

Jumamosi iliyofuata mfumo wa skrini ulijaribiwa, ukaenda vizuri. Lakini Jette hakuufurahia, kwani muda wote Babu alikuwa pembeni akimfundisha Enna kuandika namba kwenye chipu. Aliwasikia wakicheka. Mara mbili alipita karibu nao, akitumaini ataitwa. Hakuitwa.

Ijumaa alichukua ufunguo wa Babu, akasema anakwenda kupangusa vumbi. Chumbani hapakuwa na mtu. Kichwa cha treni cha kijani kilikuwa namba nne. Jette akakiandikia saba, namba ya kile cheusi ambacho Babu alirithi kwa baba yake. Sasa vyote viwili vingeitika kwa pamoja. Alijiambia ni mzaha tu, ili Enna aonekane hajui. Moyoni alijua si mzaha.

Kesho yake wanachama walijaa kuutazama mfumo wa vifundo. Enna akaita namba saba, akazungusha kifundo, na cheusi kikatoka stesheni ya juu taratibu. Macho yake yalikuwa kwenye hicho. Upande wa pili, cha kijani nacho kikaondoka. Vikakutana darajani. Cheusi kikayumba, kikaanguka hadi sakafuni.

Babu akainama kukiokota. Bomba la moshi lilikuwa limevunjika, na gurudumu moja limepinda.

"Mfumo wenyewe ndio huu?" mtu akanong'ona. "Urudishwe dukani."

Enna alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Si mfumo. Mimi ndiye niliyeandika namba. Lazima nilikosea. Nisamehe, Bwana Arno." Akamgeukia Jette, akampa rimoti. "Shika wewe. Wewe unajua kuliko mimi."

Hayo ndiyo maneno Jette aliyokuwa akiyatamani. Sasa alipoyapata, hakuyataka. Akaiweka rimoti mezani.

"Hajakosea," alisema. "Nimebadilisha mimi, jana. Nilitaka mumcheke."

Enna akamtazama. "Kumbe una roho ya kwa nini hivyo? Mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu," Jette akajibu, na machozi yakamtoka.

Babu hakumgombeza mbele za watu. Alisema jaribio litarudiwa Jumamosi ijayo, na Jette hatapiga kura. Juma zima Jette alikaa mezani na koleo na gundi, akinyoosha gurudumu na kulirudisha bomba. Jumatano Enna alikuja, akamshikia taa bila maneno mengi.

Jumamosi Bwana Seidel aliendesha treni nne kwa vidole vyake vigumu, asikosee hata moja, na kura zikaenda kwa mfumo wa vifundo. Jette mwenyewe aliona kwamba ulikuwa unafaa zaidi.

Wakifunga mlango, Babu alisema, "Mjukuu wangu, nami nina kosa. Kazi yako niliizoea hata nikasahau kuisifu. Ungeniambia ningekuelewa. Lakini jambo moja lishike: nikimsifu mwenzako sikunyang'anyi wewe kitu. Wivu ndio uliokuambia hivyo, ukauamini, mkono wako ukaharibu kitu unachokipenda. Siku nyingine moyo ukikuchoma, sema mapema. Na uliposema kweli Jumamosi iliyopita mbele ya watu wote, hapo nilijivunia."

Jette alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia Enna aliyekuwa akifunga koti lake, akamnyooshea sanduku la vichwa vya treni.

"Ni zito," akasema. "Shika upande huo."