Sweta za Bibi na Kioo Kidogo

Kila asubuhi wakati wa likizo, Chiriku alifagia sebule, akaosha vikombe, kisha akaketi karibu na shangazi yake. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa mtengenezaji wa tovuti, zile kurasa ambazo watu huzifungua kwenye simu au kompyuta. Kazi aliifanyia pale pale sebuleni, mbele ya kompyuta yenye kioo kipana.

"Shangazi, kazi yako ni raha tupu," Chiriku alisema siku moja. "Unakaa, unabonyeza, unakunywa chai!"

Bibi, aliyekuwa akifuma sweta ya mtoto mchanga, alicheka mpaka uzi ukamponyoka.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," Shangazi alijibu. "Haya, mtengenezee Bibi tovuti ya sweta zake. Nitakuelekeza, lakini mikono iwe yako."

Chiriku alipiga picha, akaandika maelezo, akaweka kitufe cha kuagizia. Mteja akikibonyeza, simu ya Bibi ingeita. Kwenye kioo kile kipana, ukurasa ulipendeza kama bustani.

"Umeujaribu kwenye simu?" Shangazi aliuliza.

"Nimejaribu kote!" Chiriku alijibu upesi. Hakuwa amejaribu. Aliona kioo kimoja kinatosha.

Tovuti ikafunguliwa. Bibi aliwaambia majirani wote, akaiombea kazi ya mjukuu wake, kisha akaweka simu mapajani na kusubiri. Simu ilikaa kimya. Wiki ikapita, ikaja nyingine, kimya kile kile. Asubuhi moja Chiriku alimkuta Bibi akifungasha nyuzi zake kwenye mfuko.

"Zinakwenda wapi, Bibi?"

"Nazigawa, mjukuu wangu. Siku hizi watu wanataka sweta za madukani. Hakuna anayeiulizia mikono hii."

Chiriku aliushika ule mfuko. Bibi asiyefuma hakuwahi kumwona. "Lakini tovuti ni nzuri! Hebu tuitazame." Akaichukua simu ya Bibi, ndogo na ya zamani, akafungua ukurasa. Picha ya sweta ya manjano ilijaa kioo kizima. Akapandisha, akateremsha. Kitufe hakikuonekana, kilikuwa kimefunikwa na picha.

"Bibi, uliwahi kuiona hivi?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unarukaruka kwa furaha. Nikasema, labda simu yangu ni kikongwe kama mimi. Nikaogopa kukuvunja moyo."

Machozi yakamtoka Chiriku. Alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi. "Nilikudanganya. Sikujaribu kwenye simu."

Shangazi hakugomba. Alivuta kiti cha pili. "Ahsante kwa kusema kweli. Keti. Kazi yenyewe ndiyo inaanza."

Kumbe! Picha ilipopunguzwa, maandishi yalipandana. Maandishi yaliponyooka, kitufe kilikimbilia pembeni. Kilipotulia kwenye simu ya Bibi, kilipotea kwenye simu ya muuza mboga. Chiriku alizunguka mtaani akiazima simu za watu.

"Shikamoo, mama. Naomba kuitazama simu yako kidogo."

"Marahaba. Itazame, ila usinimalizie salio kwa maneno yako mengi!"

Akarudi, akarekebisha, akatoka tena. Shingo ilimuuma, macho yakamwasha. Mara mbili alitaka kuacha, akaukumbuka ule mfuko wa nyuzi, akaendelea. Mwishowe kila simu aliyoijaribu ilikionyesha kitufe mahali pake.

Siku chache baadaye, simu ya Bibi iliita.

"Haloo? Mapacha? Mungu akujalie, mwanangu! Unapenda rangi gani?" Sauti ya Bibi ilitetemeka. Kwa mkono mmoja alishika simu, kwa mwingine akawa tayari anafungua mfuko.

Shangazi alimkumbatia Chiriku begani. "Anayefungua tovuti hutamwona, lakini ni mgeni wako. Mwenye simu duni naye ni mgeni. Usiseme umemaliza kabla na yeye hajapata njia ya kuingia. Kazi ya mtu usiipime kwa kumtazama alivyokaa." Kisha akamgeukia Bibi. "Nawe, Mama, ukiona kosa, sema. Kumwambia mtoto ukweli kwa upole nako ni kumpenda."

"Nimesikia, mwalimu," Bibi alisema, macho yakicheka. "Basi niseme sasa. Chiriku, maandishi yako ni madogo kama sisimizi. Siyaoni."

Chiriku aliangua kicheko, akabusu shavu la Bibi, akarudi kitini kuyakuza.