Skrubu Iliyokatika

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi walikimbilia uwanjani. Sisimizi, kama walivyomwita kwa udogo wake na kwa kutotulia, alijikokota hadi chumba cha muziki. Mama yake alikuwa kitandani, hajiwezi. Kuteka maji, kupika, kuogesha wadogo zake, yote yalikuwa juu yake. Na kesho bendi ilikuwa ipige mbele ya wazazi.

Alitoa klarineti kwenye kasha. Akalowesha mwanzi, kile kibanzi chembamba kinachotetemeka ukipuliza, akaufunga kwa pete yake ya chuma yenye skrubu mbili. Akapuliza. Sauti ikachelewa, kisha ikatoka nyembamba.

"Labda imelegea," akajisemea, akakaza. Sauti ikazidi kufifia. Akakaza tena, kwa hasira za uchovu. Skrubu moja ikakatika.

Alitazama mlangoni. Hakuna mtu. Akairudisha klarineti kwenye kasha na kufunga.

Bendi ilipokusanyika, mwalimu wa muziki akalifungua kasha lile, akaona skrubu iliyokatika. Akamgeukia Mapengo, mvulana aliyekuwa akipokezana klarineti na Sisimizi.

"Asubuhi ilikuwa kwako?"

"Ndiyo, mwalimu. Niliiacha nzima."

"Meno yenyewe yamemshinda kutunza, sembuse klarineti," akasema mpiga ngoma. Wakacheka.

Mwalimu hakucheka. "Lete kofia ya bendi. Kesho hutapiga."

Mapengo akavua kofia taratibu, akampa. Sisimizi akasogea mbele.

"Mwalimu, ni mimi. Nilidhani nikikaza sana italia vizuri. Nimechoka na kazi za nyumbani tangu mama augue, pumzi haitoki."

Mwalimu akamrudishia Mapengo kofia. Kisha akaondoa pete, akachukua uzi mnene wa pamba, akauzungusha juu ya mwanzi, mzunguko baada ya mzunguko, akafunga fundo.

"Haya, puliza," akamwambia Sisimizi.

Sauti ikaitika papo hapo, pana na laini.

"Ukiulegeza, mwanzi unayumba na pumzi inavuja," mwalimu akaeleza. "Ukiukaza kupita kiasi, unaukaba. Unataka kushikwa, lakini uachiwe nafasi ya kutetemeka."

Sisimizi akamgeukia mwenzake. "Niwie radhi, Mapengo."

"Yameisha. Ila umenikondesha."

"Kesho apige Mapengo," mwalimu akasema. "Wewe, mwanangu, nenda ukalale. Jioni nitakuja na mke wangu tumwone mama. Mungu hakukuumba ubebe nyumba nzima peke yako. Ukichoka, sema umechoka. Ukikosea, sema umekosea, kabla mwingine hajavuliwa kofia kwa ajili yako."