Kabureta ya Nando

Gari likizimwa linanyamaza. Hata wewe ambaye hujawahi kushika spana maishani unalijua hilo. Unazungusha ufunguo, injini inakata, chuma kinapoa taratibu, tik, tik, basi. Kwa hiyo jioni ile Eloy Archuleta alipozima pikapu ya marehemu baba yake uani, akapiga hatua mbili kuelekea jikoni kulikonukia pilipili za kuchoma, halafu nyuma yake gari likashusha pumzi, haaah, ndefu, kama mtu aliyevua viatu baada ya kazi ya kutwa, alitakiwa akimbie. Mimi ningekimbia, na nina mbio. Eloy alicheka. Akalipiga boneti kofi la mapenzi, akasema, "Pumzika, mnyama wangu," akaenda kula.

Ndivyo alivyo Eloy. Fundi mzuri, sikatai, ingawa mimi namzidi. Tatizo lake ni sifa, na sifa zilianzia kwenye kejeli.

Pikapu ile ilikuwa ya mwaka sitini na mbili, na hapa kijijini Ojo Hondo kila mtu alikuwa akiicheka. Ikipakiwa kuni na kuanza kupanda kilima cha kanisa, ilikohoa hadi mbwa wakaionea huruma. Siku moja binamu yake, Tranquilino, ambaye sote tunamwita Lino, akaja kusimama mlangoni mwa banda lake na soda mkononi.

"Binamu, Jumapili nimeona vibibi wanne wakienda misa kwa miguu. Wamekupita kilimani."

"Walitangulia kuondoka."

"Mmoja alisimama kufunga kamba za viatu, bwana! Akafunga, akapiga ishara ya msalaba, na bado akakupita!"

Jumatatu injini ya Eloy ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo. Alikuwa ameapa kwamba sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, magari yakishindana kupanda kilima, Lino atakula vumbi lake. Akapeleka bloku, yaani mwili wa injini, mjini ikachongwe silinda zipanuke, akaweka pistoni nene, kamshafti kali, vali pana. Kazi safi kabisa. Lakini nguvu ya injini ni pumzi, msikilize anayejua. Ukiwa na silinda nane zenye njaa halafu juu yake umeweka kabureta ndogo ya zamani ya kuvutia hewa na petroli, ni sawa na kumwambia mkimbiaji apumue kwa mrija wa soda. Alihitaji kabureta kubwa, ya midomo minne, ya aina ambayo haitengenezwi tena. Na bonde zima tulijua moja tu ilipo.

Ilikuwa msalabani.

Huku kwetu mtu akifia barabarani, pale pale alipokatia roho tunasimamisha msalaba, na juu yake tunafunga kitu alichokipenda. Wengine kofia, wengine usukani. Nando Maestas, dereva mwenye fujo kuliko wote waliowahi kuzaliwa bondeni, aliruka kona ya kilima cha kanisa akiwa anakimbilia nyumbani kula, na mama yake akafunga kabureta yake katikati ya msalaba. Kila Jumapili baada ya misa tulimwona Bibi Eulogia, mama huyo, amepiga magoti pale na kitambaa, anafuta, anapapasa. Vitu vya misalabani haviguswi. Hata wezi wetu, na tunao wazuri, hawavigusi.

Eloy aligusa. Mchana kweupe, anatoka kuchanja kuni, akasimamisha gari, akatoa spana. Hakukuwa na mtu. Akafungua bolti huku akisema kwa utani, "Naazima tu, kaka."

Ajabu ya kwanza, chuma kilikuwa safi kama cha jana, kinang'aa kwa mafuta. Ajabu ya pili, midomo yote minne ilikuwa imezibwa kwa nta ya mshumaa, imeshindiliwa hadi ndani. Eloy akafikiri ni kuzuia mvua na nyigu. Nyumbani akaichemsha ile nta ikatoka, vigingi vinne vya njano, na ndani ya kila kigingi mlikuwa na unywele mmoja mweupe. Akavitupa motoni.

Injini iliwaka jaribio la kwanza tu. Na haikunguruma kwanza, hapana. Ilivuta. Ilivuta hewa kama mtu aliyezama mtoni akaibuka juu akidhani alishakufa, ndipo ikanguruma, na madirisha ya jikoni yakatetemeka, na mkewe Zenaida akaangusha sufuria.

Siku ya sikukuu Lino alikula vumbi, kweli. Eloy alifika kanisani kabla Lino hajaimaliza kona. Lakini watu waliposhangilia, yeye alikuwa bado ameshika usukani, mikono imekakamaa. Pale konani, penye msalaba, aliondoa mguu kwenye mafuta. Na gari liliongeza mwendo.

Hakumwambia mtu. Ungekuwa wewe umeshinda, ungesema?

Kila asubuhi alimpeleka shule binti yake Belén kwa pikapu hiyo, na shule iko ng'ambo ya kilima. Belén alikuwa na miaka saba, mdomo haufungi, anahesabu ng'ombe, anabishana na redio. Wiki ile alianza kunyamaza. Alikaa ameegemeza kichwa kwenye kiti, macho yamefumba nusu, na Eloy alipotupa jicho aliona kifua cha mtoto kikipanda na kushuka kwa mpigo wa injini. Akikanyaga mafuta, mtoto anahema. Akipunguza, mtoto anatulia.

"Belén. Mama, unaumwa?"

"Hapana, baba. Tunakimbia tu."

Jioni walikuwa mezani, maharage na tortilla, gari limezimwa uani. Likashusha pumzi yake, haaah. Na Belén, kijiko mkononi, kwa wakati ule ule, akafungua mdomo: haaah. Zenaida akainuka, akamshika mwanawe kidevu, akanusa.

"Eloy," akasema, sauti chini kabisa. "Umempa mtoto nini?"

"Sijampa kitu."

"Njoo unuse."

Ilikuwa petroli.

Walimpeleka kwa daktari, mapafu yakaonekana hayana doa. Walipompandisha garini kurudi, akalala kabla hawajatoka langoni, akipumua na injini. Eloy si mjinga sana, ninamtania tu. Asubuhi yake, Lino akiwa amemshikia taa bandani, akafungua boneti aing'oe kabureta. Akalegeza nati ya kwanza, nusu mzunguko, si zaidi, na kutoka ndani ya nyumba wakasikia kitu kinaanguka, halafu Zenaida akipiga yowe kwamba mtoto amekabwa, mtoto hapumui, na Eloy akaganda na spana mkononi kwa muda ambao Lino anasema ulikuwa mrefu kama misa ya Pasaka, mpaka akili ikamjia, akaikaza ile nati, akaikaza hadi vidole vikatoka damu, na ndani Belén akavuta hewa na kulia.

Lino alikuwa mweupe kwa hofu. "Binamu, hiki si cha daktari. Mpeleke kwa Bibi Eulogia. Yeye ndiye anayewatoa watu vitu vilivyowaingia, alimtoa shangazi yangu kile cha mtoni, unakumbuka."

Eloy akamkazia macho.

"Nini? Mbona unanitazama hivyo?" Lino akaitazama kabureta. Akamtazama binamu yake. Akaitazama tena. "Hapana. Niambie hapana. Ulisema umeinunua Colorado!"

"Nilikuwa na njaa ya nguvu, Lino."

"Bwana wewe! Hata mimi, na ujinga wangu wote!"

Basi wakapanda wote pikapu ile ile, maana kabureta haikukubali kutolewa, Zenaida na mtoto mapajani, Lino nyuma ya pikapu kwa sababu mbele alikataa. Walipokaribia kona gari lilikaza mwendo lenyewe, Eloy akakanyaga breki kwa miguu miwili na lisisikie, magurudumu yakachimba ukingo, Zenaida akasali kwa sauti, na msalaba ukapita dirishani ukiwa mtupu katikati, tundu mbili za bolti zikiwatazama; halafu badala ya kuruka bondeni likakata kushoto, kwenye njia ya vumbi, bila Eloy kugeuza usukani, likaenda mbio hadi lango la nyumba ya udongo, likasimama, likapiga honi tatu fupi bila mkono wa mtu.

Bibi Eulogia alikuwa ameshasimama langoni, mkongojo mkono mmoja, mshumaa mkono wa pili.

"Nimemsikia tangu siku ya sikukuu," alisema. "Nilikuwa nangoja nione ni ya nani aibu hii. Kumbe wewe, Eloy."

Eloy alipiga magoti kwenye vumbi. "Nisamehe, Bibi. Niliazima. Mtoto wangu..."

"Nta uliifanya nini?"

"Niliichoma."

Kikongwe akafumba macho. Kisha akaongea kwa kunong'ona, kama asitake gari lisikie.

"Mwanangu hakukubali kwamba amekufa. Jioni baada ya kumzika alikuja hapa akapiga honi tatu. Mama, nifungulie, nina njaa. Nikafungua. Mama gani asingefungua? Mpwa wangu alikuwa amelala ndani. Asubuhi tulimkuta hana pumzi. Ndipo nikamfunga mle ndani ya kabureta. Mnaniona kila Jumapili, mnasema mama yule ana mapenzi. Mimi nilikuwa nakagua nta isipasuke."

Akamwambia Eloy afungue boneti, injini isizimwe, atoe chujio la hewa. Midomo minne ikabaki wazi, ikivuta. Bibi Eulogia akaweka kiganja juu yake. Wewe usiyejua, injini ukiiziba hivyo inakufa, haina ujanja. Ikaanza kukohoa, ikayumba, na mapajani mwa mama yake Belén akaanza kurusha miguu, midomo ikageuka zambarau, na Zenaida akalia, "Mwache! Unamuua! Mwache!" na Eloy akaukamata mkono wa kikongwe, mkono mwembamba kama kijiti, akauvuta kwa nguvu zake zote, nao hautoki, kwa sababu kile kilichokuwa ndani kilikuwa kinauvuta pia.

Ulipotoka ulikuwa na duara nne nyekundu kiganjani. Mtoto akapumua. Injini ikapumua.

"Ameshamfanya mtoto mlango," akasema Bibi Eulogia, akihema. "Hatatoka bila mlango mwingine."

Alimtazama Belén kwa muda. Akatupa mshumaa. Akavua kitambaa cha kichwa, nywele zake nyeupe zikaanguka, akainama juu ya injini ile inayotetemeka mpaka uso wake ukawa ndani ya boneti, mdomo wake juu ya midomo ile minne, na wote walimsikia, hata Lino aliyejificha nyuma ya tairi, akisema kwa sauti ambayo mama humwitia mtoto chakula kikiwa mezani:

"Nando. Mama amefungua."

Injini ikavuta mara moja, ndefu. Ikakata.

Belén akalia kilio kikubwa cha mtoto mwenye mapafu yake mwenyewe, na pumzi yake ilinuka maharage. Bibi Eulogia akajinyoosha. Akafuta mdomo. "Ing'oe," akasema, "uirudishe ulikoitoa." Akaingia ndani, akafunga mlango. Mkongojo wake aliuacha umeegemea langoni.

Eloy aliirudisha siku hiyo hiyo. Pikapu ikavaa kabureta yake ndogo, ikarudia kukohoa. Ikizimwa, inanyamaza. Belén anabishana na redio. Lino hamtanii tena kuhusu kilima, na kwa Lino hilo ni jambo zito.

Jumapili iliyopita Eloy alikuwa anapanda na mzigo wa kuni, gari linanguruma kwa taabu, mwendo wa konokono. Kwenye kioo akaona mtu aliyevaa nguo nyeusi kwa mbali, anapanda kwa miguu. Akazidi kukaribia. Alikuwa Bibi Eulogia, bila mkongojo, anatembea katikati ya barabara kama kijana. Msalaba hakuutazama. Kwenye kona aliongeza mwendo.

Alipofika sambamba na dirisha akapunguza, akaweka vidole kwenye mlango, akatembea hivyo pamoja na gari. Hakuwa anahema. Eloy alikitazama kifua chake, akakitazama, na hakikupanda wala kushuka. Harufu ya petroli ikajaa garini.

"Bibi," akanong'ona. "Hujambo?"

Kikongwe akainama dirishani, akatabasamu kwa meno yake machache.

"Naazima tu, kaka," akasema, na akampita.