Kompyuta ya Kaka Leonardi

Duka la Brightson pale Kimara lilikuwa limefurika watu wa kuchapisha na kutoa kopi siku Adelina alipojibanza kwenye kona, gauni lake la kitenge limelowa jasho mgongoni. Alitaka kuomba kazi ya ushonaji kiwandani, na maombi yalipokelewa mtandaoni tu.

"Fungua kivinjari," Brightson alimwambia.

"Ndo nini hicho?"

"Programu ya kufungulia kurasa za mtandaoni. Hapa sasa weka nywila, yaani neno lako la siri. Usimpe mtu."

"Hata wewe?"

"Mie nipe namba ya simu tu, inatosha."

Adelina alicheka mpaka mama aliyekuwa nyuma yake akaguna.

Wakawa wanachati kila siku, mpenzi huku, kipenzi kule. Kuonana ndiko kulikokuwa kazi. Adelina alilelewa na kaka yake, Leonardi, karani wa ofisi moja mjini, tangu wazazi wao walipofariki Masasi. Leonardi hakuacha kumkumbusha hilo. Alimpangia pa kwenda na saa ya kurudi. Ajabu ni kwamba kila Adelina alipopanga kwenda kwa Brightson, kaka alikuwa ameshajua.

"Jumamosi hutoki," alimwambia bila kuulizwa.

Adelina akawa anaogopa hata kuwaza.

Kisha Brightson akanyamaza. Simu hapokei, meseji hajibu. Adelina akaaga anakwenda kwaya, akaenda dukani.

"Umefuata nini?" Brightson aliuliza, macho mekundu. "Si umeniandikia una mchumba, nisikutafute tena?"

"Mie? Lini?"

Akamwonyesha. Maneno yalikuwepo, yametoka kwenye namba yake.

Brightson akaichukua simu ya Adelina, akaingia kwenye mipangilio. "Ona hapa. Vifaa vilivyounganishwa. Maana yake akaunti yako imefunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Mwenye nayo anasoma kila kitu, anaandika kama wewe, halafu anafuta upande wako. Ni ya nani?"

"Kaka," Adelina alinong'ona. "Simu hii alininunulia yeye. Akaniwekea kila kitu yeye."

"Bonyeza hapa, itatoka."

"Akijua je?"

"Atajua."

Kidole kilibaki hewani. Alifikiria ada aliyolipiwa, chumba anacholala, sahani anayolia chakula. Akabonyeza.

Hazikupita dakika nyingi, simu ikaita.

"Usipokee," Brightson alisema.

Alipokea. "Shikamoo, kaka."

"Uko wapi?"

"Niko kwa Brightson. Unamjua, ulishamwandikia."

"Rudi nyumbani sasa hivi."

"Narudi, kaka. Sina pengine pa kulala."

Alipokata, Brightson akamshika mikono yote miwili mbele ya wateja wake.

"Nataka kukuoa, Adelina. Nije lini kujitambulisha?"

"Leo," alisema huku akivuta mtandio kichwani. "Twende wote, kabla sijaanza kuogopa tena."