Uji wa Asubuhi Hadi Alasiri

Fundi viatu aligonga soli huku akibembeza kitanda cha mjukuu kwa mguu. Binti yake alishinda kazini kwa dobi, hivyo babu ndiye aliyekuwa yaya. Kila asubuhi alipika uji, akaupoza usimchome mtoto, kisha akautia kwenye chupa ya chai. Hadi alasiri ulibaki vuguvugu. Alijivunia ujanja huo.

Lakini mtoto aliharisha, akapona, akaharisha tena. Mara ya tatu macho yalimbonyea, na hata kulia akashindwa. Babu akakimbia kumwita jirani, muuguzi.

Muuguzi alimnywesha mtoto dawa ya maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, mpaka akachangamka. Kisha akafungua chupa, akanusa.

"Mzee, uji huu wa lini?"

"Wa asubuhi. Unataka cheti chake cha kuzaliwa?"

"Umeshazaa huo. Vijidudu vikipata chakula na joto hili, kila kimoja hugawanyika kuwa viwili. Dakika ishirini tu."

"Viwili? Binti, mimi nimekula vumbi la viatu miaka thelathini."

"Wewe si mtoto. Lete mkebe wa misumari."

Muuguzi akaweka msumari mmoja mezani. Akaongeza: miwili, minne, minane. "Hiyo ni saa moja."

Fundi akaendelea mwenyewe: kumi na sita, thelathini na miwili, sitini na minne. Saa mbili. Kabla ya saa ya tatu kutimia, mkebe ukawa mtupu.

"Toka asubuhi mpaka alasiri ni muda wa saa saba," muuguzi alisema. "Kimoja kimekuwa zaidi ya milioni mbili."

Fundi akaanza kuikusanya misumari. "Kumbe nilikuwa mfugaji wa vijidudu," alisema taratibu. "Na malisho nilimpa mtoto."

"Pika uji kidogo, wa mlo mmoja. Osha mikono na kikombe. Uji uchemke, upoe, anywe papo hapo. Ukibaki, usiuweke."

"Nimwage chakula? Mimi nimewahi kulala njaa."

"Basi unywe wewe."

Tangu siku hiyo alipika mara tatu kwa siku. Mtoto hakuharisha tena. Mwezi uliofuata mashavu yalijaa, akaanza kutambaa mpaka chini ya meza ya kazi.

Mteja mmoja akanung'unika kwamba viatu vyake vimechelewa.

"Subiri uji uchemke," fundi alimjibu, akikoroga. "Viatu haviharishi."